"Utafiti umesema": maswali yenu kuhusu habari za afya zinazobishaniwa

Swali: Nimeona klipu inasema soseji ni sawa na sigara, zote zinaleta kansa, na eti WHO wenyewe wamesema. Ni kweli?

Nusu kweli, nusu chumvi. Mwaka 2015 IARC, lile shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, liliziweka nyama za kusindikwa kama soseji na bekoni kwenye kundi la 1, na kweli sigara nayo imo humohumo. Sasa watu wakasoma hapo wakaishia hapo. Yale makundi yanapanga uhakika wa ushahidi, hayapangi ukubwa wa hatari, yaani kundi la 1 maana yake ni "tuna uhakika hiki kitu kinaweza kusababisha saratani", basi, kwa kiasi gani hilo ni swali lingine kabisa na kwenye klipu huwa halipo.

Halafu kuna ile namba iliyosambaa sana, kwamba ukila gramu 50 za nyama ya kusindikwa kila siku hatari ya saratani ya utumbo mpana inapanda kwa asilimia 18. Ukiisikia hivi hivi unaona kama watu 18 kwenye kila 100 wataugua, ila sivyo. Uliza kwanza, asilimia 18 ya nini? Tuseme una watu 100 ambao kwa kawaida watano kati yao wangeupata huo ugonjwa maishani, asilimia 18 ya watano haifiki hata mtu mmoja kamili, kwa hiyo wote 100 wakila hizo gramu kila siku, miaka nenda rudi, watano wanakuwa karibu sita. Huyo mmoja ni mtu na ana familia, sisemi apuuzwe, na mimi ningekushauri upunguze. Lakini kuitupa soseji ya leo kwa hofu huku pakiti ya sigara ipo mfukoni, hapo hesabu imekukataa.

Hata ile habari kwamba aspartame, ile sukari bandia ya kwenye soda za "diet", inaleta kansa, ina kosa lilelile. Julai 2023 IARC wakaiweka kundi la 2B, yaani "huenda inasababisha saratani", na siku hiyohiyo kamati nyingine ya wataalamu wa WHO na FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, ikasema kiwango kinachokubalika kinabaki palepale, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtu wa kilo 70 angehitaji makopo 9 hadi 14 kwa siku ili akizidishe. Vichwa vya habari vingi vikabeba ile ya kwanza tu.

Swali: Mtoto wa dada yangu alichanjwa surua, baada ya muda mfupi wakagundua ana usonji. Mtaniambiaje haihusiani wakati tumeona kwa macho?

Mmeona kweli, wala sikatai, na pole kwa dada. Mlichokiona ni vitu viwili vilivyofuatana. Shida ni kwamba dalili za usonji mara nyingi huanza kuonekana wazi kwenye umri uleule ambao watoto wanapata hizo chanjo, kwa hiyo hata kama chanjo haifanyi chochote bado kuna wazazi kibao wataona kimoja kinafuata kingine. Dawa yake ni kulinganisha na watoto ambao hawakuchanjwa. Denmark walifanya hivyo, utafiti uliotoka 2019 ukafuatilia watoto zaidi ya 650,000, na waliochanjwa hawakuwa na usonji zaidi ya wenzao. Ile ripoti ya 1998 iliyohusisha chanjo na usonji na kuanzisha vurugu hii yote ilikuwa na watoto 12, kumi na mbili tu jamani, na haikuwa na kundi la kulinganisha, na mwaka 2010 jarida lililoichapisha likaifuta.

Swali: Lakini kuna daktari anawapinga wenzake wote na anaongea vizuri sana. Si hata yule wa vidonda vya tumbo walimcheka?

Barry Marshall, daktari Mwaustralia aliyesema vidonda vya tumbo vinaletwa na bakteria, huyo kila anayepingwa anamtaja. Ni kweli walimtilia shaka, na 1984 yeye mwenyewe akanywa huyo bakteria. Sehemu ambayo huwa inarukwa ni kwamba kunywa kule hakukumaliza ubishi, alipata uvimbe wa tumbo sio kidonda, tena ni mtu mmoja. Kilichowageuza madaktari ni majaribio yaliyofuata, wagonjwa waliopewa dawa za kuua yule bakteria vidonda vyao havikurudi kama vya wengine. Nobel ikaja 2005. Kwa hiyo huyo daktari wako muulizeni majaribio yake yako wapi na nani mwingine ameyarudia akapata jibu hilohilo. Kuchekwa peke yake sio ushahidi, waliochekwa kwa sababu wamekosea ni wengi mno, sema hatuwakumbuki.

Swali: Kwani kusikiliza pande zote mbili kuna ubaya gani?

Hakuna ubaya kama pande zote zina data. Ila ujue kuna watu wanalipwa ili ubishi usiishe. Mwaka 1969 kampuni moja ya tumbaku Marekani iliandika kwenye waraka wake wa ndani kwamba shaka ndiyo bidhaa yao. Hawakuhitaji kuthibitisha sigara ni salama, iliwatosha wewe useme "aah, wataalamu wenyewe bado wanabishana" halafu uwashe nyingine.

Swali: Mmea fulani umeua seli za saratani maabara, mgonjwa wetu aanze kuutumia?

Asiache matibabu yake, na kabla hajaonja chochote amwambie daktari wake, manake mimea mingine inagombana na dawa. Kuhusu maabara, hata spiriti na dawa ya choo zinaua seli za saratani kwenye kisahani. Kinachotakiwa ni kitu kinachoua hizo seli halafu kikamwacha mwenye mwili akiwa mzima, na hilo linajulikana kikijaribiwa kwa watu.