Ramani ya Tunachokiona Iko Kisogoni

Macho hupokea mwanga, lakini kuona kwenyewe hutegemea gamba la ubongo lililo kisogoni. Hili lilifahamika kwa uchungu, kabla ya mashine za kupiga picha za ubongo: katika Vita vya Urusi na Japani vya 1904–1905, daktari wa macho Tatsuji Inouye aliwapima askari waliopigwa risasi kichwani, akabaini kwamba kila jeraha la kisogoni lilifuta sehemu yake mahususi ya upeo wa kuona, ilhali macho yenyewe yalikuwa mazima.

Siku hizi ramani hiyo huchorwa bila mtu kujeruhiwa. Anayepimwa hulala bila kujitikisa ndani ya mashine ya MRI, inayopiga picha za ubongo kwa nguvu ya sumaku, na kukazia macho nukta iliyo katikati ya skrini, huku kipande cha duara chenye miraba myeusi na myeupe inayometameta kikiizunguka nukta hiyo polepole, mfano wa mshale wa saa. Kikiwa kulia, huitika nusu ya kushoto ya ubongo. Kikiwa juu, huitika sehemu ya chini ya eneo hilo la kisogoni.

Nyoosha mkono mbele yako, kisha utazame ukucha wa kidole gumba. Huo ni upana wa pembe ya nyuzi 1 au 2 tu machoni, lakini katika ramani ya ubongo umetengewa nafasi kubwa mno, na vilivyo pembezoni vimebanwa. Hii ni sababu mojawapo ya kushindwa kusoma maandishi kwa pembe ya jicho.

Hata hivyo, naomba msomaji azingatie kwamba mashine haioni seli za neva zikifanya kazi. Inachofuatilia ni damu. Mwanasayansi Seiji Ogawa na wenzake walionyesha mwaka 1990 kwamba himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, ikipoteza oksijeni hiyo huvuruga kidogo uga wa sumaku. Sehemu ya ubongo inayojishughulisha huletewa damu yenye oksijeni nyingi kuliko inayohitaji, mvurugiko huo hupungua, na mawimbi yanayopokelewa huongezeka nguvu. Ongezeko hilo hufikia kilele baada ya sekunde 5 hivi, wakati seli zenyewe zimeshaitika kabla hata ya sekunde moja kuisha.

Rangi nyekundu tunazoziona katika picha hizo hupakwa na kompyuta baada ya hesabu za takwimu. Zinatuambia kwamba sehemu fulani hushughulika mtu anapoona. Kwamba hawezi kuona bila sehemu hiyo, bado tunajifunza kwa wagonjwa walioumia, kama alivyofanya Inouye.