Chumvi na mafuta, wapi na wapi?

Ndivyo alivyoniuliza fundi mmoja wa injini za boti pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, huku akijifuta mikono kwa tambara. Nilikuwa nimemwambia kuna watafiti wanaotia chumvi kwenye vilainishi vya mimea ili kulinda vyuma. Kuna kauli tatu juu ya jambo hilo; tuzipime moja moja.

"Chumvi haikai kwenye mafuta." Ya mezani, kweli. Itupe kwenye karai la mafuta ya alizeti, hata yawe moto wa kukaangia dagaa, punje zitatua chini zikiwa nzima. Chumvi hiyo peke yake huyeyuka kwenye nyuzi 801 za Selsiasi. Lakini mwaka 1914 mkemia Paul Walden alieleza chumvi nyingine, ethilamoniamu naitreti, ambayo ni kimiminika kuanzia nyuzi kama 12. Siku hizi chumvi zinazoyeyuka chini ya nyuzi 100 huitwa vimiminika vya ioni. Ioni zake, yaani chembe zenye chaji ya umeme zinazounda chumvi, aghalabu ni kubwa na hazina umbo la kupangika vizuri, kwa hiyo hazigandi kirahisi.

"Mafuta yakibaki angavu, basi chumvi imeenea sawasawa." Hapa ndipo penye utamu. Chukua fosfoniamu, ioni chanya yenye fosforasi katikati na mikia mirefu ya kaboni. Mikia inaelewana na mafuta. Sehemu yenye chaji haielewani nayo. Basi zenye chaji chanya na hasi hukumbatiana katikati, mikia ikatazama nje, vikawa vifundo vya nanometa chache. Nanometa ni sehemu moja ya milioni ya milimita, kwa hiyo mwanga hupita bila kuvihisi. Ni kama dagaa chini ya karabai: aliye ufukweni anaona maji tu. Watafiti huvigundua kwa eksirei au nyutroni zinazotawanyika zikipita ndani ya mafuta.

Badilisha urefu wa mkia au ioni hasi, na vifundo navyo vinabadilika. Mafuta yenyewe pia yana neno. Molekuli ya mafuta ya alizeti ina vikundi vya atomi viitwavyo esta, vyenye uchaji kidogo, tofauti na oili itokanayo na petroli, hivyo nayo, kama ile chumvi, hupenda kujibandika kwenye chuma. Kiungo kinacholinda gia vizuri ndani ya oili ya petroli kinaweza kufifia ndani ya alizeti.

"Kumbe wanagombea kiti," fundi akasema. Sijawahi kulieleza vizuri hivyo darasani.

"Chumvi hizi hazitoi mvuke, kwa hiyo ni salama kwa ziwa." Hapana. Hiyo ni nafuu ya hewa. Nyingi za jamii iitwayo imidazoliamu, kundi jingine la chumvi hizi, ni sumu kwa viumbe wa majini, na kadiri mkia unavyorefuka ndivyo sumu inavyozidi, kwani mkia unaopenda mafuta hupenya pia utando wa seli. Ukitia chumvi ya namna hiyo kwenye mafuta yanayooza, mafuta yataoza na chumvi huenda ikabaki. Hata alizeti tupu ikimwagika, bakteria wanaoila hutumia oksijeni ile ile ya samaki.

Fundi akauliza bei. Ni ghali, na hiyo ni sababu mojawapo ya kutiwa asilimia chache tu.