Maadili ya data za elimu ni nini?

Mfumo wa masomo ya mtandaoni unarekodi kwamba mwanafunzi ametazama video kwa dakika 40. Kilichopimwa ni kwamba video ilikuwa wazi tu. Pengine alikuwa anafuatilia, pengine alisinzia, pengine simu ilikuwa mkononi mwa dada yake. Mtafiti akiziita dakika hizo "bidii", ameshatoa hukumu kabla hajapiga hesabu yoyote.

Maadili ya data za elimu huanzia hapo. Ni maswali kuhusu kinachopimwa hasa tunapokusanya alama, mahudhurio na nyayo za wanafunzi mtandaoni, aliyeridhia kupimwa, na atakayeumia kipimo kikikosea. Wengi huishia kwenye faragha. Kwangu mimi, lipo swali gumu zaidi: takwimu huzungumzia kundi, ilhali uamuzi humwangukia mtu mmoja.

Mwaka 2020 mitihani ilifutwa Uingereza kwa sababu ya korona. Huko England, mdhibiti wa mitihani, Ofqual, alitumia algoriti, yaani kanuni ya hesabu ya kompyuta, iliyochukua jinsi walimu walivyowapanga wanafunzi wao, wa kwanza hadi wa mwisho, kisha ikagawa alama kwa kufuata matokeo ya shule hiyo ya miaka iliyotangulia. Alama za A-level (mitihani ya mwisho ya sekondari) zilipotoka tarehe 13 Agosti, karibu asilimia 40 zilikuwa chini ya makadirio ya walimu. (Walimu nao, tuseme kweli, walikadiria kwa mkono mkunjufu.) Ukitazama nchi nzima, matokeo yalifanana na ya miaka mingine, na ndilo lililokusudiwa. Lakini mwanafunzi hodari katika shule isiyowahi kutoa alama ya juu alibebeshwa historia ya watu asiowajua. Baada ya siku 4 tu serikali ikakubali makadirio ya walimu.

Ridhaa nayo ina utata wake. Mtoto asiyeweza kufungua somo mpaka abonyeze "Nakubali" hajaulizwa kitu.

Kuhusu faragha, watafiti hujibu kwamba majina yamefutwa. Sawa, lakini chukua jedwali la darasa la watu 30: umri, jinsia, ulemavu, alama. Kama kiziwi ni mmoja tu, darasa zima linaujua mstari wake, na sasa linazijua alama zake za hesabu.