Mrushaji wa akiba hapumzishi mkono: dhana potofu ninazochoka kuzisikia

Nimelisikia tena juzi, safari hii kutoka kwa baba wa kijana wa miaka 15: "Daktari, kiwiko kilikuwa kinamsumbua, basi kocha amemtoa kwenye kuanza mechi. Sasa ni wa akiba, apumzishe mkono." Mzee wa watu alikuwa ameridhika kabisa. Mimi ni mfiziotherapia, natibu mabega na viwiko vya wacheza besiboli hapa Texas, na kama kuna imani moja ninayotamani ife leo kabla ya jua kuzama, ni hiyo: kwamba mrushaji wa akiba, yule anayeingia katikati ya mechi kumpokea aliyeanza kuwarushia wapigaji mpira, anapumzika.

"Wa akiba anarusha mipira kumi na tano tu, atachoka na nini?"

Kumi na tano ni ile inayoonekana kwenye runinga. Ifuatilie kazi yenyewe. Awamu ya sita kati ya tisa za mechi, aliyeanza anayumba, simu inalia bulipeni, pale uwanjani warushaji wa akiba wanapopashia mwili. Kijana anainuka kwenye benchi alikokaa zaidi ya saa nzima, mwili umepoa, na anatakiwa awe tayari ndani ya dakika chache. Anarusha ishirini, ile ya mwishomwisho kwa nguvu zote. Hatari inapita, anaambiwa kaa. Awamu ya saba anainuliwa tena, anarusha mingine kumi na tano, anakalishwa tena. Ya nane ndiyo anaingia: kwanza michache ya kupashia pale kilimani, kichuguu anachorushia mrushaji, kisha anawarushia wapigaji mara 14 na kumaliza kazi. Karatasi ya mechi inaandika 14. Kiwiko kimehesabu zaidi ya hamsini. Tena kuna jioni anapashwa moto mara mbili na haingii kabisa. Kwenye karatasi huyo amepumzika, na kesho yake kocha anamwona mzima kama kuku wa asubuhi.

Halafu kuna suala la nguvu. Anayeanza mechi anajua ana awamu tano au sita mbele yake, kwa hiyo anabana hapa, anaachia pale, na akimaliza ana siku nne au tano za kujiuguza. Wa akiba hana cha kubana. Kila mpira ni wa mwisho wake, ndiyo maana mrushaji yuleyule akihamishiwa akiba kasi yake mara nyingi hupanda. Kasi hiyo hulipiwa mahali. Mtu mzima wa kiwango cha juu akirusha, bega lake huzunguka kwa kasi inayopita nyuzi 7,000 kwa sekunde, na mzigo wa kuuzuia mkono usifunguke kwa ndani unaiangukia ligamenti moja ndogo ya kiwiko, utepe unaofunga mfupa na mfupa. Ligamenti hiyo haijui umeanza mechi au umeimaliza.

Sasa tazama jinsi mwongozo wenyewe unavyoweza kukuponza. Pitch Smart, ambao Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani na shirikisho la USA Baseball wanautoa kwa ajili ya watoto, unasema mwenye miaka 15 au 16 asipitishe mipira 95 kwa siku. Akirusha 31 hadi 45 apumzike siku moja, 46 hadi 60 siku mbili, na kuendelea hadi siku nne kuanzia 76. Akirusha 30 au chini yake? Sifuri. Yule wetu wa mipira 14 anaruhusiwa kurudi kilimani kesho, kwa sababu hesabu ni ya mipira ya mechi tu. Ya bulipeni haimo. Sisemi mwongozo ni mbaya, nautetea kila siku. Nasema unasomwa na watu wanaotafuta ruhusa.

Kwa hiyo wateja wangu wote wanajua wimbo wangu: nunua daftari. Andika kila mpira uliorushwa kwa nguvu, wa kupashia, wa mechi, wa mazoezi, na hata wa uani na binamu yake. Jumla ya wiki ndiyo ninayoitaka mezani kwangu. Kijana akija bila daftari namtibu, ila atanisikia. Na kama anaporudi kutoka kilimani kocha anamgeuza mdakaji, yule anayeidaka mipira ya mrushaji na kumrudishia, katika mechi hiyohiyo, mzazi, hapo sema hapana. Mdakaji naye anarusha mpira usiku kucha.

Kuna anayeniletea hoja ya Mike Marshall wa klabu ya Dodgers, aliyeingia katika mechi 106 mwaka 1974, akarusha zaidi ya awamu 208 bila kuanza hata mechi moja, na kuwa mrushaji wa akiba wa kwanza kutwaa tuzo ya Cy Young, ile ya mrushaji bora wa msimu. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba hakuna aliyeifikia rekodi hiyo hadi leo, na wa akiba wanaotegemewa sasa hucheza 60 hadi 70 kati ya mechi 162. Klabu zenye madaktari na kompyuta zimeona bora ziwapunguzie kazi, wewe unamwongezea mtoto.

"Upasuaji wa Tommy John unaongeza kasi."

Mzazi mmoja aliniuliza kama mwanawe, ambaye haumwi popote, anaweza kufanyiwa mapema. Nilimwomba arudie swali.

Daktari Frank Jobe alipomfanyia mrushaji Tommy John upasuaji huo wa kuijenga upya ligamenti ya kiwiko mwaka 1974, alikuwa anaokoa mkono uliokwisha. Hutolewa kano kwenye kigasha au pajani, hupitishwa kwenye matundu yaliyotobolewa mifupani, kisha unasubiri miezi 12 hadi 18. John alirudi mwaka 1976 na akapata ushindi 164 kati ya 288 wa maisha yake baada ya kisu. Wapo wasiorudi kabisa, na hao hawana mabango. Wanaorudi na kasi zaidi wametumia mwaka mzima kuimarisha miguu, kiuno na bega, na kama ni vijana wameongezeka kimo na uzito. Mazoezi hayo yanapatikana bila kupasuliwa.

"Wa akiba ni aliyeshindwa kuanza."

Wengi walianza, ndiyo. Mrushaji Mariano Rivera alianza mechi kumi mwaka 1995, hakung'aa, akahamishwa. Alistaafu mwaka 2013 akiwa na sevu 652, yaani mechi alizozimalizia akiulinda uongozi wa timu yake, na mwaka 2019 akawa wa kwanza kuingia Ukumbi wa Umaarufu wa besiboli kwa kura zote bila hata moja kumkataa. Kushindwa kwa aina hiyo namtakia kila mtu.

"Akifika Ligi Kuu ametajirika."

Mrushaji wa akiba Edwin Díaz alisaini dola milioni 102 mwaka 2022, na kila mtu anamjua. Mjue pia Tayler Scott wa Afrika Kusini, mrushaji wa akiba aliyeingia Ligi Kuu mwaka 2019. Alichaguliwa na klabu ya Cubs mwaka 2011, akahangaika ligi ndogo miaka, akaenda hadi Hiroshima, Japani, na mwaka 2023 pekee alivaa jezi za klabu tatu. Mshahara wa chini wa 2025 ulikuwa dola 760,000, lakini hulipwa kwa siku unazokuwa Ligi Kuu, na klabu ina ruhusa ya kumshusha ligi ndogo na kumpandisha mchezaji mwenye "opsheni" hadi mara tano kwa msimu.

"Maumivu ya kesho yake ni asidi laktiki, akimbie itoke."

Asidi hiyo imeshaondoka ndani ya saa moja hivi baada ya mechi. Anachokisikia kesho ni misuli iliyochanikachanika, nayo hutulia ndani ya siku mbili tatu. Akitaka kukimbia akimbie, hakuna ubaya. Lakini akikuonyesha kwa kidole kimoja sehemu ya ndani ya kiwiko, pale kwenye kinundu cha mfupa, hiyo si misuli. Mlete, na daftari lake.