Mji unaopangwa kwa data na watu wake ndo mji gani hasa?

Siku hizi kwenye kila semina ya mipango miji lazima mtu aseme "mji unaomjali mwananchi", alafu slaidi inayofuata ni maghorofa ya vioo na miti ya kuchora, hakuna hata mama ntilie mmoja. Ndo maana wengi wanadhani mji unaopangwa kwa data na watu wake ni habari ya kamera kila nguzo na waifai stendi. Sio hivo. Maana yake ni kwamba mji unapangwa kuanzia maisha ya watu walioko pale, yaani wanapita wapi kwa miguu, mvua ikinyesha maji yanaingia nyumba zipi, choo kiko mbali kiasi gani, alafu taarifa hizo zinakusanywa kidijitali ili zionekane kwenye ramani, na wanaozikusanya na kuzijadili wawemo haohao wanaoishi hapo. Ukitoa wananchi ukabaki na data tupu huo ni upelelezi tu. Ukitoa data unabaki na mkutano wa malalamiko ambao mwenyekiti anaufunga kwa kusema tumewasikia.

Na wala halikuanza na kompyuta hili jambo. Mwaka 1962 jiji la Copenhagen kule Denmark lilifungia magari mtaa wa Strøget, wenye maduka wakalalamika kweli, baadae msanifu majengo anaitwa Jan Gehl akawa anaenda pale kuhesabu watu, wangapi wanapita, wangapi wamekaa na wamekaa wapi, kalamu na karatasi basi. Miji mingi ilikuwa na hesabu za magari, za watu wanaotembea haina. Na bajeti ya barabara inamfuata aliyehesabiwa, ndo ilivyo mpaka leo.

Sasa tuje Dar, maana hapa kuna mfano ambao hata wazungu wanakuja kuusoma. Sensa ya 2012 ilikuta jiji lina watu 4,364,541, ya 2022 ikakuta 5,383,728, na sehemu kubwa ya hao wanaishi kwenye maeneo yaliyojijenga yenyewe, viwanja havijapimwa, uchochoro mmoja unaingia kwenye uani kwa mtu. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi wakishirikiana na wakazi wa Tandale walipita mitaani na vifaa vya GPS wakawa wanachora kila kitu, visima, vyoo, sehemu za kutupa taka. Mwaka 2015 ikaja Ramani Huria, kazi hiyohiyo lakini kwa ukubwa wa kata nyingi, wakiwemo COSTECH, ile Tume ya Sayansi na Teknolojia ya serikali, Benki ya Dunia, Msalaba Mwekundu, Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Walichochora wakakiweka OpenStreetMap, ile ramani ya dunia iliyoanza 2004 ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuihariri na kuitumia bure.

Kilichonivutia mimi zaidi ni mitaro. Droni inapita juu inapiga picha safi kabisa, mabati yote unayaona, lakini haiwezi kukwambia kalavati la chini ya barabara limeziba au mtaro una kina gani. Kwa hiyo vijana wakawa wanashuka na simu janja na futi, wanapima upana, kina, wa saruji au wa udongo, umejaa taka au unapitisha, maji yanaelekea wapi. Alafu wanamwuliza mwenye nyumba mafuriko yaliyopita yalifika wapi, naye anawaonyesha alama ukutani, magotini, kiunoni, dirishani. Hiyo alama ikishaandikwa na kuwekwa mahali pake kwenye ramani inakuwa kipimo ambacho injinia anaweza kukilinganisha na hesabu zake za maji, na kama hesabu zinasema hapa pakavu wakati ukuta unasema kiunoni, basi hesabu zirudiwe.

Kitu kingine ni mipaka ya mashina, yaani yale makundi ya nyumba chache ambayo kila moja lina mjumbe wake. Kila mtu Dar anajua mjumbe wake ni nani, lakini shina linaishia wapi hilo lilikuwa kichwani mwa mjumbe tu. Wajumbe wakatembea na wachoraji wakaonyesha. Unaweza kuona ni jambo dogo, ila mafuriko yakija anayejua nyumba ipi ina bibi asiyeweza kutembea ni huyohuyo mjumbe, hakuna satelaiti inayojua hilo. Kulinganisha, Barcelona mwaka 2016 walifungua jukwaa la mtandaoni linaitwa Decidim wakapokea mapendekezo zaidi ya 10,000 ya mpango wa jiji, safi sana, ila huku kwetu ukitegemea mtandao peke yake utawasikia wenye bando tu, na anayeathirika na mtaro mara nyingi sio huyo.

Nairobi nao wana yao. Matatu zilikuwa zinabeba watu wengi kila siku na hakuna ramani moja ya njia zake zote, kila mtu anajua namba zake basi. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi wakapanda matatu na simu wakirekodi kila kituo, wakisaidiwa na wenzao wa vyuo vikuu vya MIT na Columbia vya Marekani, na mwaka 2014 ramani ikatoka ikiwa na njia zaidi ya 130. Kaunti ikaipokea. Hii ilikuwa rahisi kidogo maana hakuna anayechukia kujua basi linapita wapi.

Ugumu uko kwenye ardhi, na hapa wanasemina huwa wanapita haraka. Ramani inayoonyesha nyumba yako iko kwenye hatari ya mafuriko ndo hiyohiyo inayoweza kutumika kusema nyumba yako iondoke. Hapa Dar, Bonde la mto Msimbazi lilipangwa upya kwa mikutano ya mwaka 2018 wakiwemo wakazi, wataalamu na serikali mezani, na 2022 Benki ya Dunia ikaidhinisha dola milioni 200 za mradi wake. Jangwani pale lazima kitu kifanyike, barabara inafungwa kila mvua kubwa. Lakini kwa aliyeko bondeni swali sio ramani ni nzuri au mbaya, swali ni fidia inatosha kununua wapi, na hilo swali droni haina jibu lake.

Mukuru, mtaa wa mabanda kule Nairobi, ni mfano mzuri na mchungu kwa pamoja. Mwaka 2017 kaunti ilitangaza kuwa ni eneo la mipango maalum, wakazi kupitia Muungano wa Wanavijiji, ambao ni umoja wa watu wa mitaa ya mabanda, na wenzao wakakusanya data zao wenyewe, ikaonekana kwamba maskini wa pale wanalipia maji na umeme bei ya juu kuliko mitaa ya wenye hela. Mpango ukapendekeza barabara ziwe nyembamba kuliko kipimo cha kawaida cha jiji ili zibomolewe nyumba chache, wazo ambalo lisingetoka ofisini, nasema kweli. Alafu mwishoni mwa 2021 matingatinga yakaingia Mukuru kwa Njenga kupisha barabara ya kuunganisha na Expressway, ile barabara ya kulipia ya Nairobi, maelfu ya watu wakabaki nje. Data walikuwa nayo. Kwa hiyo mtu akikuuzia dhana hii kama dawa ya kila kitu mwulize habari ya Mukuru, na mwulize pia nani anashika hizo data, zimewekwa wazi au ziko kwenye kompyuta ya mshauri, na majina na namba za simu za watu zimeondolewa kabla ya kuwekwa wazi au la.

Tatizo la mwisho ni la kawaida kabisa, mradi ukiisha wafadhili wanaondoka na ramani inaanza kuzeeka, mtaro uliopimwa 2016 leo kuna mtu kajenga frem juu yake. Habari njema ni kwamba OpenStreetMap haifungwi mradi ukifungwa, unafungua akaunti bure, unakuza ramani mpaka mtaani kwako, kama zahanati au kivuko cha miguu hakipo unakiweka mwenyewe, na mabadiliko yanaonekana kwa kila anayeitumia.