Kabla hujafunga stadi za hedi kwenye Subaru ya turbo

Wenye Forester XT, Impreza WRX na Legacy GT huniuliza jambo moja kwa maneno tofauti: "Fundi, nikiweka stadi za ARP, gasketi haitaungua tena?" (ARP ni watengenezaji wa stadi na boliti.) Na mimi huwauliza: ile ya kwanza iliungua kwa nini? Asiyeweza kunijibu simuuzii stadi. Namfungulia injini kwanza.

Stadi ni chuma chenye meno ncha zote mbili. Upande mmoja huingia kwenye bloku (mwili wa injini wenye silinda) na kukaa humo, gasketi na hedi (kifuniko cha silinda) hupitishwa juu yake, kisha nati hukazwa upande wa pili. Boliti ya kiwandani ni kipande kimoja kinachopenya hedi na kuzunguka hadi ndani ya bloku. Injini za Subaru za EJ20 (lita 2.0) na EJ25 (lita 2.5) zina hedi mbili, kushoto na kulia, zenye boliti 6 kila upande, 12 kwa injini nzima. Kila silinda imezungukwa na nne, lakini mbili za katikati ni za ubia kati ya silinda mbili, kwa hiyo ukigawa kwa haki, silinda moja inapata tatu.

Tupige hesabu kidogo. Silinda ya EJ20 ina kipenyo cha milimita 92, yaani eneo la sentimita za mraba 66 na nusu. Shinikizo la mwako likifika bar 80, hedi inasukumwa kwa nguvu ya tani 5.4 na silinda hiyo moja. EJ25, yenye kipenyo cha milimita 99.5, kwa shinikizo lile lile inasukuma tani 6.3. Sasa boliti ya milimita 11 iliyokazwa kwa torki (nguvu ya kuzungusha) ya Nm 100, yaani newton-mita 100, hubana kwa takribani tani 4.6 ikiwa na mafuta ya kawaida. Tatu zinakupa karibu tani 14. Ukitazama juu juu utasema mbona ziada ipo tele. Ipo, lakini gasketi haitaki tu hedi isinyanyuke. Pete ya chuma inayozunguka silinda inataka ibaki imebanwa barabara hata pale mwako unapovuta upande wake, na joto linapopanda na kushuka kila siku. Ziada ikipungua, moto hupenya kidogo, unakwangua pete, na njia ikishapatikana haizibiki tena.

Boliti, wakati unaikaza, inafanya kazi mbili kwa pamoja: inavutwa na inasokotwa. Juu ya hapo, meno ya bloku ni ya alumini, na kila ukifungua na kufunga yanalika. Stadi haizunguki ndani ya bloku. Inaingia kwa mkono, inatulia, na kinachozunguka ni nati juu ya meno ya chuma kwa chuma, meno madogo ya karibu karibu. Hapo unapata mvuto ulionyooka zaidi, na vipimo vya stadi zote 12 vinakaribiana. Hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote, na mara nyingi haiandikwi kwenye tangazo.

Kinachoandikwa ni uimara wa chuma. ARP, kampuni ya California iliyoanza mwaka 1968, hutumia vyuma kama ARP2000, ambacho huvumilia psi 220,000, yaani karibu megapaskali 1,500. Boliti ya daraja la 10.9 ni kama 1,040. Tofauti ni kubwa, ila watu huielewa vibaya. Chuma cha bei rahisi na cha bei kali cha unene ule ule hurefuka karibu sawa kikivutwa kwa mzigo ule ule. Kilicho imara zaidi kinakuruhusu tu kukivuta zaidi kabla hakijaharibika. Ukifunga stadi za ghali kisha ukazikaza kwa torki ya boliti ya zamani, umebadilisha rangi ya risiti.

Hapo ndipo mafuta ya kupaka yanapoingia, na ndipo mafundi wengi hukosea. Katika torki unayosoma kwenye spana, kama asilimia 90 inaliwa na msuguano, nusu nzima chini ya nati na nyingine kwenye meno. Inayobaki ndiyo inayovuta stadi. Ile Nm 100 iliyotoa tani 4.6 kwa mafuta ya kawaida inaweza kutoa zaidi ya tani 6 kwa grisi maalum inayokuja ndani ya boksi, bila wewe kuongeza hata Nm moja. Kwa hiyo karatasi ya maelekezo na grisi yake ni kitu kimoja. Usichukue torki ya karatasi kisha ukapaka mafuta ya injini, wala usichukue namba uliyotumiwa na rafiki kwenye WhatsApp.

Turudi kwa swali la kwa nini. Hedi nyingi za EJ ninazofungua zimeharibiwa na joto au na mlipuko usio na mpangilio: mchanganyiko unalipuka wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia, na shinikizo linaruka ghafla juu ya lile tulilopigia hesabu. Subaru za turbo zilizotengenezewa soko la Japani zilipangwa kwa petroli yao ya daraja la juu, ambayo kwa kawaida ina okteni (kipimo cha petroli kuvumilia isilipuke yenyewe) karibu 100. Huku tunazinywesha kilichopo. Kompyuta ya gari inajitahidi kurudisha wakati wa plagi nyuma, lakini mwenye gari ameshabadilisha eksozi, ameongeza shinikizo la turbo kwa vali ya kuzungusha kwa mkono, na ramani ya petroli, yaani maelekezo ya kompyuta ya kiasi cha petroli, iko vile vile.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa Nairobi hulisahau. Mji uko mita 1,700 na zaidi juu ya bahari, na hewa yake ina shinikizo la karibu bar 0.82. Geji ikisema turbo inatoa bar 1, ndani ya bomba la kuingizia hewa kuna bar 1.82. Teremka Mombasa na vali ile ile ya mkono, geji bado itasema bar 1, lakini sasa ndani kuna bar 2. Ni asilimia 10 zaidi, na hewa ni ya moto. Gari lililokuwa salama kwenye barabara ya Thika linaanza kurusha maji baada ya Mtito Andei, na mwenyewe anaapa hajagusa kitu.

Dalili utaziona kabla hujaona mvuke. Paipu ya juu ya rejeta inakuwa ngumu kama jiwe dakika chache baada ya kuwasha, kabla injini haijapata joto. Tangi la akiba linatoa mapovu unapokanyaga, na kupanda kutoka Mai Mahiu kunayaongeza. Mimi hutumia ile kimiminika ya buluu inayowekwa juu ya mdomo wa rejeta: ikigeuka njano, moshi wa mwako umeingia kwenye maji, mjadala umeisha.

Sasa tuseme umefunga stadi, gasketi mpya ya tabaka za chuma, hedi haisogei. Ule mlipuko haujaenda popote. Gasketi ilikuwa fyuzi ya bei nafuu, na umeiondoa. Kwenye EJ25 kinachofuata ni pistoni: ukuta mwembamba kati ya ringi na ringi hupasuka, compression (mbano wa hewa) ya silinda moja inashuka, moshi wa buluu, mafuta yanapungua. Bili ya hapo huwezi kuilinganisha na ya gasketi. Ndiyo maana kwa gari lenye shinikizo la kiwandani nafunga boliti nzuri za Subaru na gasketi yao, nashughulikia upoozaji na ramani ya petroli, basi. Stadi naanza kuzizungumzia pale turbo kubwa inapoingia, sindano kubwa za petroli, na mtu wa kupanga kompyuta anayejua kazi. Ukiwa na bloku ya deki wazi, ambayo kuta za silinda zake zimesimama bila kushikwa juu, jua pia kwamba stadi haizishiki. Kuta zitatikisika zenyewe na kuisugua gasketi hata kama hedi imetulia tuli.

Kazi yenyewe haina njia ya mkato. Injini inatoka nje ya gari, maana hedi lazima itelezwe juu ya stadi na hapo kwenye fremu hakuna nafasi. Kwenye zile za kamshafti (shafti za kuendesha vali) mbili kila upande, kamshafti zinatoka ndipo uzifikie nati. Hedi naiwekea rula ya chuma na fila geji (bati jembamba la kupimia nafasi) ya milimita 0.05, kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari. Ikipita popote, inaenda kuskimiwa (kuchongwa uso unyooke), na namwambia mtu wa mashine kwamba ni gasketi ya chuma, anatakiwa kuacha uso laini. Kusugua hedi kwa msasa juu ya kioo sikubali.

Matundu ya bloku ndiyo yanakula muda. Napitisha tapu ya kusafishia, ile isiyokata meno mapya, napuliza hewa, kisha nazungushia kitambaa safi kwenye waya na kukiingiza hadi chini. Kikitoka na unyevu, narudia. Maji au mafuta yakibaki chini ya tundu lisilo na njia, stadi ikiingia hayana pa kwenda, na bloku inaweza kupasuka kimya kimya ukidhani umekaza vizuri. Stadi naziingiza kwa vidole tu. Grisi inapakwa kwenye meno ya juu, chini ya nati na kwenye washa. Halafu awamu tatu zilizo sawa, kuanzia katikati kwenda nje kwa mpangilio wa kitabu, spana ikivutwa taratibu bila kusimama njiani, kwa sababu nati iliyosimama inahitaji nguvu zaidi kuianzisha tena na spana itakudanganya.

Stadi za milimita 14 zipo pia, na zinataka bloku na hedi zitobolewe upya. Ni za magari ya mashindano. Ukibana alumini kwa nguvu hiyo silinda zenyewe hupoteza umbo la duara, isipokuwa zichongwe huku bamba zito limefungwa juu mahali pa hedi.

Swali la mwisho ambalo huja baada ya bei: stadi zinatumika tena? Ndiyo, kama hazijavutwa kupita kiasi. Nikizitoa naziosha, nakagua meno, nazipima urefu moja moja mezani. Iliyorefuka kuliko wenzake hairudi, na nati yenye mikwaruzo upande wa chini hairudi. Gasketi ni mpya kila mara.