"Wa kwanza" kwenye historia ya chuo kikuu ana maana gani hasa?

Ukisoma historia ya chuo kikuu chochote utakuta mahali pamejaa mambo ya kwanza, wanafunzi wa kwanza, mahafali ya kwanza, mwanamke wa kwanza, mkuu wa kwanza mzawa, na wengi tunapita harakaharaka tukiona ni sifa za chuo tu. Mi naona hapo ndo penye utamu wenyewe, ila lazima ujue huyo mtu alikuwa wa kwanza kufanya nini, enzi hizo chuo kilikuwa chini ya nani, na waliomfuata walipita au walizuiwa.

Chukua Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Uliza kilianza lini, mmoja atakwambia 1961 mwingine 1970 na wote wako sahihi kabisa. Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache tu kabla ya uhuru, kilifunguliwa kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, kitivo kimoja cha sheria, wanafunzi hata 20 hawafiki, na walisomea kwenye jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba maana Mlimani, kampasi yake ya sasa, bado hapajawa tayari, kuhamia kule ni 1964. Mwaka 1963 kikaingia kwenye Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, halafu Julai 1, 1970 ndo kikasimama chenyewe.

Sasa kiongozi wa kwanza ni nani hapo? Cranford Pratt, Mkanada, ndiye rasi wa kwanza, yaani kiongozi wa chuo kishiriki, wa kile chuo cha 1961. Wilbert Chagula ndo Mtanzania wa kwanza kushika urasi, 1965. Pius Msekwa ni makamu mkuu wa chuo wa kwanza, yule anayeendesha chuo siku hadi siku, toka 1970, na mkuu wa chuo akiwa Mwalimu Nyerere. Wote ni wa kwanza na hakuna aliyemnyang'anya mwenzake, vyeo tofauti na vipindi tofauti, lakini watu wanabishana mpaka jasho linawatoka kwa sababu tu kila mmoja anahesabu kuanzia mwaka wake. Tena kuna sehemu ya chuo yenye umri mkubwa kuliko chuo chenyewe! Taasisi ya Kiswahili, ile tuliyoizoea kama TUKI na saivi ni TATAKI, mizizi yake ni kamati ya lugha iliyoanza 1930 kusimamia Kiswahili sanifu Afrika Mashariki, ikaja kuunganishwa na chuo miaka ya 60.

Upande wa wanawake ndo kunahitaji umakini zaidi, maana kuingia darasani, kufanya mtihani na kupewa shahada yalikuwa mambo matatu tofauti. Cambridge, Uingereza, chuo cha wanawake cha Girton kilianzishwa 1869, ila chuo kikuu kilikuja kuwapa wanawake shahada kamili 1948, yaani karibu miaka 80 wanasoma, wanafaulu, wanaondoka bila shahada. Mwaka 1890 Philippa Fawcett wa Newnham, chuo kingine cha wanawake hapohapo Cambridge, alifanya mtihani wa hisabati, ule uliokuwa unaogopwa kuliko yote. Matokeo yalisomwa kwa sauti ukumbini, wanaume kwanza kwa namba zao, halafu wanawake, kila mmoja anatajwa angekaa kati ya mwanaume yupi na yupi. Lilipofika jina la Philippa ikasomwa kwamba yuko juu ya yule mwanaume aliyeongoza, ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Shahada hakupewa. Alifariki 1948, mwaka uleule Cambridge ilipobadili msimamo. Kwahiyo ukisema ni mwanamke wa kwanza kuongoza hisabati pale ni kweli, ukisema ni mhitimu wa kwanza umekosea, na mi inaniuma kila nikisoma habari yake.

Ndo maana nikikuta "mwanamke wa kwanza" natafuta pia mwaka wa yule wa pili. Elena Cornaro Piscopia alipata udaktari wa falsafa Padua, Italia, Juni 25, 1678, na anatajwa kama mwanamke wa kwanza duniani kupata shahada ya udaktari ya chuo kikuu. Yeye aliomba ya teolojia, askofu akakataa kwa kuwa ni mwanamke, ikabidi iwe falsafa. Ungetegemea baada ya hapo wangefuata wengi, lakini Laura Bassi kupata ya kwake ilikuwa 1732, miaka 54 mbele, tena chuo kingine kabisa, Bologna. Na Bassi hakuishia kwenye shahada, alipewa nafasi ya kufundisha palepale chuoni kwa mshahara, hilo nalo hakuna mwanamke anayejulikana kulipata kabla yake.